Uani Kwetu Hakuingii Kiatu

Jumatatu, 10 Juni

Mvua tangu alfajiri. Magoti yangu yalinipa habari kabla ya redio.

Boodram, msaidizi wa Nizam, kaleta mianzi. Kaivuta peke yake kutoka barabarani mpaka uani, kaiangusha, kisha kakalia ndoo akitweta. Akauliza: tunajenga au hatujengi? Nikamwambia, mianzi umeshaileta, sasa unaniuliza nini. Akasema alikuwa anamsubiri Nizam amwambie, na Nizam mwaka huu kanyamaza.

Kanyamaza kweli. Tulimzika Novemba. Kwa miaka mingi, ukikaribia Muharram, mume wangu alijenga tadja — nyumba ya mianzi na karatasi za rangi, mfano wa kaburi la Husein, mjukuu wa Mtume — na siku ya Hosei, ndiyo ya kumi ya Muharram, ikatembezwa kijijini, kisha ikasukumwa baharini. Kazi ya mwezi mzima, mawimbi yanaimaliza kabla hujanywa chai. Nilikuwa namcheka. Sasa kazi imeniangukia mimi, Merle, Mkatoliki, ambaye sijawahi kushika hata brashi ya gundi.

Boodram alivua ndala langoni bila kukumbushwa. Mhindu yule, lakini anajua. Kazi ikianza, uani kwetu hakuingii kiatu mpaka tadja itoke.

Alhamisi, 13 Juni

Binti yangu Zeeda kapita akitoka kliniki San Fernando. Hakuingia. Kasimama langoni na viatu vyake, mkono kiunoni, tumbo mbele, tukaongea kwa kupigiana kelele kama wauza samaki. Mtoto yuko salama. Miguu inavimba. Nikasema njoo ukae. Akasema, "Mama, unajua siwezi."

Kuvua viatu pale, kwake ni kusujudu. Hivyo ndivyo walivyomfundisha kwenye kanisa lao la Ushindi, lile la bati jeusi na spika kubwa. Akaona mianzi. Akasema alidhani mambo haya tumeyazika pamoja na baba.

Nikasema ni nadhiri yake, mwanangu, wewe unaijua.

"Naijua. Ni mimi niliyefungwa nayo."

Akaondoka. Nikarudi jikoni, wali ulikuwa unaungua.

Jumapili, 16 Juni

Misa. Padri mpya, Mnigeria, mtu mpole, kaniuliza mlangoni kama ni kweli ninajenga hekalu la Waislamu. Nikamwambia si hekalu, Padri, na Waislamu wenyewe hawalitaki. Sikuwa na hamu ya kueleza zaidi.

Labda nijieleze mwenyewe. Zeeda alikuwa na miaka mitatu. Homa ya ubongo. Madaktari walianza kututazama kwa huruma, na huruma ya daktari ni kitu kibaya. Nizam, ambaye hata Ijumaa msikiti alikuwa anausikia kwa mbali, alitoka nje akaweka nadhiri: mtoto akipona, atajenga tadja kila mwaka muda wote mtoto atakaokuwa hai. Wakati huohuo mimi nilikuwa ndani namwahidi Mama Maria mshumaa kila Jumamosi. Na mke wa Boodram, bila kuulizwa na mtu, akaenda kwa pandit, kuhani wao, akaahidi kupandisha bendera nyekundu kila mwaka.

Mtoto akapona. Nani kamponya? Hakuna aliyethubutu kuacha kulipa ili ajue. Mshumaa unawaka, bendera inapandwa, tadja inajengwa. Zeeda anasema aliponywa na Yesu peke yake. Sawa, basi waliomponya wako wanne.

Ila mimba yake ya kwanza ilitoka. Mwaka ule Nizam alikuwa mgonjwa, tadja haikujengwa. Hili silisemi mbele ya mtu. Zeeda hajalisema pia. Lakini najua analijua.

Jumanne, 25 Juni

Kiunzi kimesimama. Cuthbert kaja kuangalia. Huyu ndiye mkuu wa ngoma zetu, Mbaptisti wa wale wa kengele na vilemba, ana kifua kama pipa. Nikamwuliza kanisani kwake hawamsemi? Akasema, "Bibie, mimi nimebatizwa mara tatu. Mungu ananijua kwa sura."

Shemeji Haniff, mdogo wa marehemu, anakaa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua. Zamani alijenga na Nizam bega kwa bega. Tangu imamu kijana arudi na elimu ya ng'ambo, Haniff kafuga ndevu, kapandisha suruali, na anasema makaburi ya karatasi ni uzushi. Leo kasimama kwenye ua wake mchana kutwa, mikono nyuma, anatazama mawingu.

"Shemeji," akasema mwishowe. "Nguzo yako imelala upande."

"Nilidhani ni haramu."

"Ni haramu. Na imelala."

Boodram akasema nguzo haina neno. Haniff akaingia ndani, akatoka na timazi ya marehemu baba yao, ile ya kupimia wima, akaiweka juu ya ua unaotutenganisha. Akasema ameiacha pale tu, mtu akiiokota si shauri lake. Tukaiokota. Nguzo ilikuwa imelala.

Ijumaa, 28 Juni

Gundi vidoleni, gundi kwenye nywele. Karatasi ya dhahabu imepanda bei. Nimechoka kiasi kwamba hata rozari nimeilalia.

Nizam alikuwa anakata nyota za karatasi huku anaimba. Mimi nakata huku natukana.

Jumamosi, 6 Julai

Mwezi umeonekana. Tuliuona ng'ambo ya bahari, upande wa Venezuela, mwembamba kama ukucha. Kuanzia leo uani hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna pombe, na wajenzi hawalali na wake zao. Boodram akasema kwa umri wake hilo la mwisho halihitaji nadhiri.

Nilimpigia Zeeda kumwambia mwezi umeonekana. Nikamkumbusha kuhusu shuka. Tadja ikikamilika tunaifunika shuka jeupe, mtu wa nje asiione, na siku ya kutoka shuka linavutwa na yule aliyewekewa nadhiri. Tangu ana miaka minne ni yeye anayelivuta. Mara ya kwanza Nizam alimbeba begani ili afike. Hata mwaka jana, akiwa tayari yuko kanisa lile, alikuja — alisema anakuja kwa ajili ya baba, siyo kwa ajili ya kitu kile.

Nikasema, njoo mara moja tu, mwanangu. Ni kuvuta shuka, siyo kusali.

Akasema taratibu, na ndiyo maana iliniuma: "Mama, mtoto huyu simtaki azaliwe ndani ya ahadi ya mtu mwingine. Nikilivuta mwaka huu, mwakani utasema nimlete naye."

Ningesema hivyo. Ananijua.

Jumatano, 10 Julai

Balaa la leo. Yorman, kijana wa Venezuela aliyepanga chumba changu cha nyuma, ametusaidia kubeba na kupaka rangi wiki nzima, wala hakuna aliyemweleza lolote. Leo kalipwa kule anakojenga, akataka kutushukuru. Akaja na sinia la nyama ya nguruwe ya kukaanga, moto, na ndimu pembeni. Kapita nalo langoni (viatu alivua, maskini) akaliweka chini ya tadja.

Wakati natoka jikoni Cuthbert alikuwa ameshakula nusu. Akasema harufu ilimjia kabla ya akili.

Boodram kashika kichwa. Mimi nimekaa chini. Yorman anatutazama mmoja mmoja, anauliza kama imeungua. Na kutoka nyumba ya pili, sauti:

"Aliyekula asiguse tadja tena leo! Aoge, asukutue, arudi kesho. Sinia litoke. Hapo chini pamwagwe maji mara saba."

Haniff. Kapanda kabisa kwenye tofali ili aone vizuri. Nikamwuliza, shemeji, uzushi nao una sheria zake? Akasema kitu kikiwa kibaya si lazima kiwe kichafu pia. Akaingia ndani kwa haraka. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikawa nalia kweli. Nizam angeisimulia hadithi hii mpaka Krismasi.

Yorman kaja jioni kuomba radhi. Akatazama kuba, akapiga ishara ya msalaba. Nikamwacha.

Jumapili, 14 Julai

Kuba zote zimekaa. Ile kubwa kaitengeneza Boodram, na mkono wake haukudanganya — ina ncha ya yungiyungi kama hekalu la Kihindu. Haniff katazama muda mrefu. "Umejenga mandir," akasema. Boodram akajibu kuba ni kuba. Imebaki. Tumeifunika shuka.

Mke wa Boodram kaniletea dali ya dengu na maneno. Mpwa wake anasali na Zeeda. Anasema leo mchungaji alimwita Zeeda mbele atoe ushuhuda, aseme jinsi alivyofunguliwa kutoka sanamu la baba yake, maana Jumanne wanafunga na kusali dhidi ya tadja. Zeeda akasimama, akashika kipaza sauti. Watu wakasema amina, amina. Akasema, "Baba yangu..." Akakaa chini. Basi. Mume wake akaenda kumalizia.

Nimesafisha sufuria mbili ambazo zilikuwa safi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimempigia. Nikakata kabla haijaita. Nimempigia tena, nikasema nimetengeneza malida — unga wa kukaanga na sukari na siagi, alikuwa anaiiba akiwa mdogo — nimwekee? Akasema miguu imevimba, viatu vyote vinambana, hapati usingizi. Akasema niweke miguu juu na mimi. Hakusema anakuja. Hakusema haji.

Jumanne, 16 Julai

Mchana. Naandika kwenye meza ya jikoni. Nikikaa bure nitafanya vituko.

Mvua imekatika. Wapiga ngoma wamewasha moto kando ya ua, wanageuza ngoma juu yake ngozi zikaze. Cuthbert anagonga kwa kucha, anasikiliza, anarudisha. Wanawake wa kijiji wako ng'ambo ya barabara na maua na watoto wao, dini zote wanazozijua na nyingine wasizozijua. Haniff kavaa kanzu safi, kasimama pale pale kwenye tofali lake. Kasema amekuja kuangalia timazi yake isipotee.

Kutoka kanisani kwa Zeeda spika inasikika mpaka hapa. Wanasali dhidi yetu. Wanaimba vizuri, lazima niseme.

Boodram kaingia kuuliza: nani atavuta? Nikasema nitavuta mimi. Akasema si wewe uliyewekewa. Nikasema najua, Boodram. Akasimama kidogo, akasema kila mwaka anapandisha bendera ya Zeeda na hajawahi kumwambia hata siku moja, kwa hiyo labda nadhiri inalipika bila yeye, tusimngoje sana. Nikamwomba robo saa. Ilishapita. Nikaomba nyingine.

Nadhani nimeelewa kitu, nakiandika kabla sijakikimbia. Simwogopei mjukuu aliye tumboni. Au namwogopea, lakini si hilo tu. Nikilivuta mimi, Nizam atakuwa amekufa.

Ngoma zimenyamaza. Nimedhani ni kwa sababu ziko tayari.

Yuko langoni.

Peke yake. Gauni jeupe la kanisani, kitambaa cha kufunga na kusali bado kichwani. Kashika nguzo ya lango. Spika bado inaimba, kwa hiyo katoka katikati ya ibada. Cuthbert kashusha vijiti. Yorman, asiyejua lolote, kampungia mkono. Haniff katazama upande mwingine, lakini hajashuka kwenye tofali.

Haniangalii mimi. Anaangalia shuka.

Sasa kainama. Anashika kamba ya kiatu. Tumbo haliruhusu, mkono haufiki. Miguu imevimba, naiona kutoka hapa, kamba zimezama ndani ya nyama. Kajinyoosha, kavuta pumzi. Kainama tena.

Sijui anavua kwa ajili ya uani au kwa ajili ya miguu. Sitamwuliza.

Hafiki. Naenda kumfungulia.