Mbao za juu za mutumbwi wa papa

Mudogo wangu Espoir,

Salamu toka Kituku. Mama anakuombea. Mutoto wangu anaota meno, sisi wote hatulale.

Unauliza kama uache kazi ya atelie, marafiki, kila kitu, uanze upya. Ulikuwa mudogo wakati papa alibadilisha mbao za juu za mutumbwi, zile wavuvi wanakanyaga. Zilikuwa zimeoza. Kwa haraka akazing'oa zote mara moja. Kumbe ndizo zilishika pande mbili zisiachane. Mutumbwi ukaanza kufunguka.

Fundi wa mitumbwi akakuja kuona, akacheka: "Papa Furaha, unamuvua mutumbwi nguo zote na hii baridi?"

Tukarudisha zilizooza, tukabadilisha moja moja. Mutumbwi ukapona, tukaendelea kula samaki.

Najua umechoka. Mimi pia. Uniambie kitu kimoja kinachokuumiza zaidi, tuanzie hapo.

Dada yako Furaha