Gari Nisilotaka Kuliona

Jumatatu, 23 Oktoba

Talant ameleta gari uani. Alipiga honi langoni kama bwana harusi. "Baba, toka ulione!" Sikutoka. Nilisema magoti yananiuma. Ni kweli, yananiuma kila siku.

Sababu yenyewe ni hii. Mtu akikiona kitu kipya cha jamaa yake, hutoa zawadi ya kuona. Mzee akishatoa zawadi, hutoa na dua. Na dua ikishatoka mdomoni haimezwi tena. Gari likiombewa limekuwa letu. Kwa hiyo mimi sijaliona. Nimeliona pazia tu.

Muuzaji ni Ermek, kaka yake Nazik, mke wa mwanangu. Amesema: liendesheni kwanza, nendeni nalo Talas Jumamosi kwenye karamu ya mama, mkirudi tutaongea. "Tutaongea"! Mwenye mali safi hutaja bei yake mlangoni.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimelisikiliza nikiwa nyuma ya pazia. Injini — nisiwe dhalimu — inanong'ona vizuri. Milango ya mbele hufungwa kwa sauti nzito, kama kitabu kinene. Ya nyuma hulia kama sufuria. Kwa nini?

Bubusara alitoka akalizungushia moshi wa mreteni, wa kufukuza kijicho. Akarudi ananicheka.

"Baba Talant, unalichungulia kama mwali anayechungulia mchumba!"

Mke wangu ana ulimi tangu ujana. Anasema ni gari la familia hasa. Si dogo la kubana magoti, si kubwa la kujionyesha. Mlango wa nyuma hunyanyuka wote juu, viti hulala, gunia la viazi linaingia bila kuviringishwa. Mafuta linakunywa kama kuku anavyokunywa maji.

"Na usukani?" nikauliza.

"Kulia, kama magari yote ya Japani."

Na sisi huendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake kwenye mlima wa Too-Ashuu, njiani kwenda Talas, Nazik atakaa kushoto amwambie mumewe kama lori linakuja. Mke awe macho ya dereva! Hilo nalo wanaliita jambo la kawaida.

Jumatano, 25 Oktoba

Theluji ya kwanza. Nyembamba, kama unga uliochekechwa. Talant alikwenda kazini, gari likaacha alama uani. Alama si gari. Kutazama alama hakuna zawadi. Nilitoka.

Magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele! Yamekaa kando, upana wa vidole viwili, kutoka kibandani hadi langoni, hata pale njia iliponyooka. Linatembea kama mbwa anayekimbia: kichwa huku, kiuno kule.

Maisha yangu yote nimefundisha sarufi ya lugha yetu. Irabu ya kwanza ya neno huzitawala zote zinazoifuata hadi mkiani. Ikiwa nyepesi, zote nyepesi. Ikiwa nzito, zote nzito. Ukikuta kichwa chepesi na mkia mzito, hilo si neno moja. Ni mawili yaliyounganishwa.

Sisemi zaidi. Naandika tu.

Baadaye. Nilimwambia Talant. Alicheka hadi akashika mlango.

"Baba, hilo gari, siyo insha! Fundi kalikagua, kasema safi."

"Alilikagulia wapi?"

"Kwa Ermek."

"Kabla ya chai au baada?"

"Baada ya nyama, Baba."

Basi!

Nazik alikuwa jikoni. Sufuria zake zilinyamaza. Sikupenda zilivyonyamaza.

Alhamisi, 26 Oktoba

Hakuna jipya. Ayim, mjukuu wangu, alitaka kujaribu kofia yangu nyeupe ya sufu. Nilimkemea. Kofia ya mwanamume haiguswi na mkono wa mwingine, hata wa mtoto. Hata mgomvi wako haigusi. Alinuna kidogo. Kisha akanielekeza kwa kidole, dirishani, mahali pake garini: kiti cha nyuma, katikati. "Babu, pale naona barabara yote."

Nikavuta pazia.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimelitazama. Talant alikuwa msikitini, wanawake walikuwa wakikaanga maandazi ya safari. Hakuna aliyeniona. Zawadi itasubiri.

Nilichukua sumaku ya jokofu. Boneti — imeshika. Milango — imeshika. Chini ya milango, pale kizingitini — imeanguka. Nikazunguka upande wa pili. Imeanguka tena. Hapo hakuna bati la kutosha. Ni puti, lile tope la mafundi, kama ukuta uliozibwa ufa.

Kisha nikasoma. Kusoma ni kazi yangu. Kila mkanda wa kiti una kitambaa kidogo kimeshonewa chini, na juu yake mwaka. Mikanda ya mbele, mwaka mmoja. Ya nyuma, mwaka mwingine, wa zamani zaidi. Mkia ulizaliwa kabla ya kichwa!

Ni magari mawili. Yamekatwa, yakaungwa, yakapakwa rangi. Mshono unapita mbele ya magoti ya Ayim.

Ermek alikuja alasiri na tikiti kubwa. Anajua kuingia nyumba za watu. Nilimwuliza mezani, kwa upole, swali lenye kiima na kiarifu, asiweze kukosea:

"Ermek, gari hili ni moja?"

"Karatasi yake ni moja, Mwalimu."

Nimeuliza gari, amejibu karatasi! Amebadilisha kiima mbele ya macho yangu. Talant aliendelea kula. Bubusara alielewa, chai ilimwagikia sahanini.

Ermek akakata tikiti. "Jamani, Mwalimu anaogopa zawadi ya kuona! Usijali mzee wetu, nitapokea kwako hata kuku."

Wote walicheka. Nazik alicheka kwa sauti kuliko wote, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Yaliniomba. Nikimwita kaka yake mwongo mezani petu, mwenye kukosa mahali pa kukaa ni yeye, hapa kwetu na kwao Talas. Tangu aingie nyumba hii hajaniinulia sauti hata siku moja.

Nilikula kipande cha tikiti. Kilikuwa kitamu. Hilo nalo liliniudhi.

Nilimvuta Talant pembeni baadaye, nikamwambia habari ya sumaku na mikanda. Hakucheka safari hii. Alisema: "Baba, nimeshawaahidi akina Ermek kwamba tutakwenda nalo. Ukisema hivyo kesho mbele yao, nitaweka wapi uso wangu?" Uso! Nilimwuliza ataweka wapi miguu ya mtoto. Akatoka nje.

Jumamosi, 28 Oktoba

Naandika upesi. Wako uani wote, mizigo imepakiwa, mlango wa nyuma umefungwa. Ermek amekuja kuwaaga. Wanasubiri dua.

Nilitoka. Nilifungua viganja, nao wakafungua. Ayim alikuwa ameshafunga mkanda. Alifungua viganja vyake kitini, vidogo, vimejaa makombo ya andazi. Neno halikuja. Sijawahi kukosa neno. Nikasema, "Subirini, nichukue kofia," nikaingia ndani.

Hawakunijali, kwa kuwa wakati huohuo Talant alianza kujipapasa. Ufunguo hauonekani. Ulikuwa sahanini, kando ya maandazi, tangu chai ya asubuhi.

Nawasikia. Wamepekua majani, wamepekua mizigo. Ermek anasema lazima ni mtoto, watoto hupenda vinavyong'aa. Ayim anaapa kwa mkate kwamba si yeye. Analia sasa. Nazik anasema, "Mwanangu hasemi uongo, kaka." Kisha tena, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Mwanangu hasemi uongo. Na wewe?"

Ermek anaanza kupekua mizigo upya.

Bubusara yuko dirishani. "Baba Talant! Kofia gani unatafuta? Si iko kichwani mwako?"

Iko kichwani. Na chini yake kitu baridi, chenye meno, kinanibana utosini. Hakuna mkono utakaoivua ila wangu.