Mlango wa Upande wa Abiria

Wifi yangu mpendwa,

Sisi tunapumua. Watoto wamerudi shule, na paa limeacha kuvuja. Lile gari kuukuu la kaka yako ndilo linalonitoa jasho: juzi klachi, leo breki, na spea zina bei mbaya. Fundi akifungua boneti anaguna kabla hata hajaona kitu. "Mama, liuze tu hili," ananiambia. Nikamjibu akaze nati, ushauri sijamwomba.

Kisha akataka kubadilisha kitasa cha mlango wa abiria. Unaukumbuka, sijui mwaka wa ngapi huu haufunguki kwa ndani. Kila tukifika, kaka yako alikuwa akizunguka kunifungulia, huku akinitania, "Shuka, bosi, dereva wako ana njaa." Nilimwambia fundi asiuguse.

Tangu tumzike naendesha mwenyewe, na usiniulize nalala vipi. Jana nilirudi kutoka sokoni, nikazima gari nje ya nyumba, nikatulia. Nilikaa kitambo, mikono mapajani, nikingoja aje anifungulie, mpaka nikaona usukani uko mbele yangu.

Usiache kuniita wifi.

Mke wa kaka yako