Anayeonja Uji Wangu

Jumatatu, 4 octobre 1976

Basi, jina lake limejulikana. Kifua kikuu. Pafu la kushoto lina tundu — infirmier Donatien, muuguzi wa hospitali, alinionyesha kwenye picha, akalizungushia kalamu. Sindano kila siku, miezi miwili, bila kuruka hata moja. Vidonge mwaka mzima. "Ukiacha katikati, citoyen, itarudi, na dawa haitaiweza tena."

Kisha masharti. Kitanda peke yangu, sahani peke yangu, kikombe, kijiko. Mtu mwingine asikitie kijiko hicho mdomoni mwake.

Kwenye fishi ya hospitali ameandika Mugisho, jina langu la sheria tangu serikali ikataze majina ya Kizungu. Venant limebaki la nyumbani tu siku hizi.

Mke wangu Emérence hakulia. Alichukua msumari, akakwaruza msalaba kwenye mpini wa kijiko kimoja. Tuna vijiko vinne. Nikamwambia sasa yeye ni tajiri, ana vitatu. Alicheka kidogo, kwa ajili yangu.

Daftari hili nimelishona kwa mabaki ya karatasi za imprimerie, kiwanda chetu cha uchapaji. Miaka tisa napanga herufi za maneno ya watu wengine. Patron amesema nisirudi mpaka daktari aseme. Basi nipange ya kwangu.

Jumatano, 6 octobre

Mama amefika kutoka Kavumu. Ni tonton Constantin aliyempelekea habari, bila shaka — mdogo wa marehemu baba, habari hailali kinywani mwake. Kuku mmoja, maharagwe, na mkeka. Mkeka maana yake hakuja kusalimia.

Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole. Vidole vikakutana. Kisha akamgeukia Emérence, bila hata jambo.

"Ulikuwa unamulisha nini?"

Maskini Emérence alidhani anaulizwa kweli. Akaanza kumtajia: bugali, sombe, ndagala za Uvira. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa polepole.

Niandike hili kabla sijamkasirikia: Mama alizaa wanne, akatulea bila baba, akazika watatu. Nimebaki mimi.

Ijumaa, 8 octobre

Asubuhi Emérence aliniletea uji. Mama akanyoosha mkono, akazuia kikombe hewani.

"Onja kwanza."

Emérence akanitazama. Kwao Mwenga hakuikuta desturi hii. Kwetu mtu akikukaribisha kasiksi, hupiga funda moja mbele yako ndipo akupe, ujue hamna kitu ndani. Ni adabu ya pombe, na ya wageni. Sijawahi kuona mke akionjeshwa uji wa mume wake. Miaka mitatu ya ndoa ameniletea vikombe bila kuonja, wala sikumfundisha — nimfundishe kwa nini? Kumbe Mama alikuwa anaihesabu hiyo miaka mitatu.

Akaonja. Kwa kijiko changu, chenye msalaba. Niliona, sikumzuia.

"Sasa kunywa," Mama akasema. Nikanywa.

Jumapili, 10 octobre

Neno lenyewe limetoka. Karuho. Sumu ya polepole, ile inayomkausha mtu mwezi baada ya mwezi na mashine ya hospitali isiione. Mama amewaambia wamama wa kanisa baada ya misa. Muke wa Venant, yule Murega wa kule Mwenga asiyezaa, anamupa karuho.

Emérence alikwenda bombani. Wanawake wakavuta ndoo zao pembeni. Alirudi akanihadithia akiwa amesimama, ndoo bado kichwani.

"Baliniachia bomba yote. Karuho iko nini, Venant?"

Nikamweleza. Akatua ndoo chini.

"Na wewe unasema nini?"

Nikasema Mama ni mzee, ana woga, itapita. Hilo si jibu. Mtu angeniletea sentensi kama hiyo kazini ningemrudishia. Mwaka jana huko juu Kadutu mwanamke mmoja alisemwa anatoa karuho, wakaichoma nyumba yake, zimebaki kuta. Nalijua hilo vizuri. Bado nikasema itapita.

Jumanne, 12 octobre

Anaonja asubuhi, mchana, jioni. Tena lazima kijiko kile kile, maana sumu yaweza kupakwa kwenye kijiko! Ana akili, Mama. Nilimwambia masharti ya Donatien.

"Donatien ni mutoto ya nani?"

Mjadala ukaishia hapo.

Alhamisi, 14 octobre

Nimefanya ujinga.

Emérence alikuwa sokoni. Mama akatoa chupa, dawa ya mganga mmoja wa Mumosho. Kijani, inanuka majani yaliyooza. Ya kutapisha. "Kunywa, mutoto wangu, ile kitu itoke." Sikuamini. Nilikuwa nimechoka tu. Nikafikiri: nikitapika na kisionekane kitu, atatulia.

Nikatapika. Vidonge vya asubuhi vikatoka karibu vizima, viwili, vyeupe. Kisha damu. Mama hakuiangalia damu. Aliokota vile vidonge kwa kijiti, akavipanga kwenye jani, akaita majirani.

"Oneni. Ndiyo hii alikuwa anamupa."

Nilijaribu kusema ni vya hospitali. Sauti haikutoka, kooni moto mtupu. Na kweli, anayenipa vidonge kila asubuhi ni nani? Emérence. Alirudi na kikapu chake akawakuta watu kumi na wawili uani wakiangalia jani.

Jumamosi, 16 octobre

Siku mbili sikufika kwenye sindano, miguu ilikataa. Leo Emérence amenishika kiuno tukaenda. Tulipumzika mara sita. Ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, watu wote barabarani na majembe, wanafukua mifereji. Kila mtu alituona. Hakuna aliyetusalimu.

Donatien alinigombeza mbele ya foleni nzima, kama mwanafunzi. Sikujitetea. Halafu Emérence akakohoa, kule ukutani. Donatien akamgeukia.

"Tangu lini, citoyenne?"

"Ni baridi tu."

"Munakula na kijiko moja?"

Emérence hakutaka kumtaja mama yangu mbele ya mtu. Nikajibu mimi: kwa kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Donatien akasema labda Emérence aliupata zamani, tulipokuwa tunalala pamoja, labda si ugonjwa kabisa. Akampa vikopo vitatu vya makohozi, vya asubuhi tatu. Laborantin, mpimaji wao, amekwenda kwenye matanga Sange. Jibu Jumanne tarehe 2 novembre.

Njia nzima ya kurudi nilijichukia. Nyumbani uji ulikuwa tayari. Emérence akauonja bila kuambiwa.

Jumanne, 19 octobre

Niandike yote.

Tonton Constantin amekuja, abacost imepigwa pasi, kofia kwenye goti. Mama amekaa kwenye mkeka wake. Tonton akasema ukoo umekaa, umefikiri. Hakuna anayetaka fujo. Emérence aende kwao Mwenga apumzike kidogo, mpaka nipone. Akirudi, ni vizuri. Asiporudi —

"Venant, muke unaweza kupata mwingine. Mama, hapana."

Emérence alikuwa nyuma ya pazia anachambua maharagwe. Nilikuwa nasikia yakianguka kwenye sinia. Yakaacha kuanguka.

Nikasema, "Atakayeenda ni Mama."

Tonton akauliza nimesema nini. Nikarudia. Nikamgeukia Mama mwenyewe, kwa sababu ni aibu kumsemea mtu kupitia mwingine. Nilisema: Mama, utarudi Kavumu kesho. Mpaka nimalize sindano, utakuja Jumapili tu, kama mgeni. Utakaa kwenye kiti cha mgeni. Jikoni hutaingia. Dawa hutaleta. Na jina la Emérence hutalitaja mbele ya mtu, si kanisani, si bombani. Ukilitaja tena, na Jumapili hutakuja.

Sijawahi kumwambia Mama sentensi ndefu namna hiyo. Nilikohoa katikati mara mbili. Alingoja nimalize kukohoa.

"Unanifukuza sababu ya yeye."

"Hapana, Mama. Sababu ya mimi. Ile dawa yako ilitaka kuniua."

Akasimama. Mkono wake ukaenda kwenye ziwa la kushoto, juu ya kitambaa. Tonton akaruka kutoka kwenye kiti, akimwita Mama kwa jina la ukoo wake — "Hapana, M'Cibalonza, hapana ile!" Sote tulijua. Mama akilitoa ziwa alilokunyonyesha akakulaani nalo, hakuna wa kukufungulia. Mkono ulikaa pale. Sijui muda gani. Nilikuwa namwangalia na sikusema nisamehe. Nilikuwa nalo neno mdomoni, na sikulisema.

Akashusha mkono. Akaanza kukunja mkeka.

Jumatano, 20 octobre

Ameondoka na gari la saa moja. Hakunigusa, hakuniaga. Emérence alimfungia mihogo ya njiani. Mama aliiacha juu ya jiwe la mlango.

Nilidhani nitapumua. Nimelia mchana kutwa.

Jumapili, 24 octobre

Hakuja.

Sindano nimepata, siku ya tisa mfululizo. Kijiko tumekichemsha, ni changu peke yangu sasa. Emérence anakoholea jikoni, amejiziba kwa kitambaa ili nisisikie. Nasikia.

Tonton amepita. Mama yuko shambani, anasema, anakula kidogo. Jina la Emérence halitaji. Hataji na la kwangu.

Jumapili, 31 octobre

Amekuja. Yuko sebuleni sasa hivi. Nimeingia chumbani, nimesema nafuata vidonge. Ninaandika nimesimama.

Mikono mitupu, kitambaa cha misa, amekonda. Alibisha hodi, Mama yangu, kwenye nyumba yangu! Akasubiri aonyeshwe kiti. Akakaa pembeni pembeni. Akamsalimia Emérence: "Jambo, bibi." Ni mara ya kwanza tangu alipofika na mkeka. Emérence alisahau kuitika, halafu akaitika mara mbili.

Akauliza sindano zimebaki ngapi. Nikamwambia. Akasema nimepata rangi kidogo. Nilitamani kuweka kichwa magotini kwake, mtu wa miaka thelathini na minne.

Emérence akaenda jikoni, hakuna aliyemwambia. Akapika chai ya maziwa, akaileta kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo jinsi wanawake wa kwetu wanavyofanya. Amejifunza lini? Mama akapokea. Akakiweka kikombe magotini. Akangoja.

Kisha akakirudisha mbele, taratibu, bila ubaya wowote usoni.

"Unionjee, bibi."

Na safari hii ana haki. Ni mgeni, mimi mwenyewe niliyemwita hivyo, na mgeni ndivyo anavyofanyiwa. Nadhani ni amani aliyoileta. Funda moja, yaishe.

Emérence amerudisha mikono nyuma. "Siwezi, mama." Basi. Hakueleza. Jibu lake ni keshokutwa, na mpaka hapo hataki mdomo wake uguse kikombe cha mama yangu. Tangu Jumatatu anakula peke yake jikoni.

Mama hajui. Anachokijua ni kwamba karibu wiki mbili mwanamke huyu alionja kila kitu, na leo, kikombe kikiwa cha kwake yeye, anakataa. Niliona uso wake unavyobadilika. Sikuona hasira. Aliogopa.

Mimi siwezi kumwonjea, na mdomo wangu ndio mbaya zaidi. Nikimwambia sababu, Jumanne haitafika kabla bomba zima halijajua kwamba Emérence ana kifua, na watasema ndiye aliyenipa. Nisipomwambia, anarudi Kavumu na kikombe hiki kichwani, na hakuna atakayekitoa humo.

Kupitia pazia namwona Emérence bado amepiga goti.

"Venant," Mama anaita. Si kwa nguvu. "Venant, kuja unambie hii chai iko na nini."