Mdogo Wangu Anamtii Askari Ambaye Ni Mimi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla mvua hazijafika kwetu, maana zikishafika ushauri wako utakuwa wa kufutia machozi tu. Mimi ni kibarua katika machimbo ya mawe, napasua miamba na kupakia kokoto kwenye malori, niko mbali sana na nyumbani, na gazeti lako tunasomewa na mlinzi wa getini wakati wa chakula cha mchana kwa sababu yeye ndiye mwenye miwani. Shule niliiachia njiani, kwa hiyo ukikuta nimepinda mahali ninyooshee mwenyewe.

Nina mdogo wangu wa kiume, tumenyonya ziwa moja. Alikuwa fundi wa redio na simu, mikono yake myepesi, mama alikuwa akisema huyu anaweza kumng'oa nzi mbawa na kumrudishia akaruka. Akiwa bado kijana akaanza kuumwa ugonjwa wa akili, anasikia watu wanamsema juu ya dari, halali usiku, hali chakula, anavunja redio za wateja kwa kuwa zinamtaja. Siku moja alitoka akaingia uani kwa watu akiitafuta ile sauti inakotoka, wakapiga kelele za mwizi, askari wa kituo chetu wakaja wakamfunga kamba mikononi wakamtupa nyuma ya gari kama gunia, na aliporudi alikuwa na makovu kwenye viwiko vya mikono na hofu ambayo haijamtoka mpaka leo. Tangu hapo mtu akitaja askari tu, ananyamaza, anakaa chini, anafanya anachoambiwa.

Sasa shida yangu ilianzia hapo. Nilikuwa nimeshakuja huku kutafuta riziki, mama akanipigia analia kwamba mdogo wangu hataki kula wala kumeza dawa na amepasua kioo cha dirisha, na mimi niko mbali hivi, utamshika mtu mkono kwa simu? Nikamwambia mama aweke sauti kubwa, nikakaza koo, nikaifanya sauti yangu nzito kama ya mtu mwenye kitambi na cheo, nikasema hapa ni kituoni, meza dawa. Akameza. Mama akaniombea dua nyingi usiku ule, na mimi nikalala vizuri kama mtu aliyefanya jambo.

Basi tangu siku hiyo nikawa Afande. Afande akamwamuru aoge, Afande akamwamuru akate kucha, Afande akampiga marufuku kwenda sokoni, na kwa kuwa mama aliogopa watu watampiga tena, Afande akamwambia asivuke kizingiti cha nyumba mpaka apewe ruhusa na Afande mwenyewe. Wenzangu hapa walinisikia nikinguruma nyuma ya choo wakanibatiza Mkuu wa Kituo, hata mnyapara akitaka kutuchekesha ananipigia saluti kwa sepeto. Nami nilicheka nao. Nilijiona nimepata dawa ambayo hospitali hawana.

Mwaka huu kituo chetu kimeleta sajini mmoja mwanamke, amefundishwa namna ya kwenda kwa watu wenye ugonjwa wa akili bila kamba na bila kelele. Anapita nyumba kwa nyumba, hana sare, amevaa ndala, yuko pamoja na kiongozi wa mtaa, kwa sababu mtaa wetu uko bondeni kando ya mto na kila masika maji yanaingia ndani bila hodi. Wameweka mpango kwamba filimbi ikilia kila mtu apande kwenye shule iliyo mlimani, na kabla ya hapo wanataka kujua kila nyumba ina nani asiyeweza kutoka peke yake, kama ni mzee, kama ni mzazi aliyejifungua juzi, kama ni mgonjwa wa akili, anaogopa nini na nani anajua kumtuliza. Alipofika kwetu mama akasema anaishi peke yake. Mdogo wangu alikuwa chini ya kitanda wakati huo. Usimlaumu mama, kamba ile aliifungua kwa meno yake siku waliyomrudisha mwanawe mlangoni bado amefungwa.

Siku ya mazoezi filimbi ikalia, kipaza sauti kikapita, watu wakapanda mlima na magodoro vichwani wakitaniana, jirani yetu mshonaji amebeba cherehani na kuku, wanamuuliza anakwenda kumshonea kuku suti. Nyumba yetu haikufunguka. Huyo mshonaji ndiye aliyemnong'oneza sajini kwamba ndani kuna mtu. Sajini akashuka akakaa kwenye ngazi ya mlango, akasema polepole yeye ni polisi, hana haraka, amekuja kuwasindikiza. Mdogo wangu akamjibu kutoka ndani akiwa ameshika nondo za dirisha:

"Afande amesema nisitoke mpaka aniambie yeye."

Sajini akauliza Afande yupi, akajibiwa Afande mkubwa. Mama akakimbilia simu ampigie Afande. Na Afande alikuwa shimoni, simu yake imefungiwa kwenye sanduku la mlinzi, kwa sababu hapa hatuingii na simu karibu na baruti, tunazikabidhi asubuhi tunazichukua jioni. Mama akapiga mpaka chaji ikakata. Hakukubali kumwacha mwanawe, akarudi akakaa naye chini, wakabaki wawili hao ndani hadi watu wakateremka kutoka mlimani. Yalikuwa mazoezi tu, maji hayakuwapo. Lakini tangu nilipoisikia habari hiyo, kila nikiona wingu naona nyumba yetu imefungwa kwa ndani.

Jumapili sajini akanipigia, namba yangu alipewa na mama kwa shingo upande. Aliniuliza Afande ni nani na mimi nikamwambia yote, maana sauti yake haikuwa ya kumtafuta mtu makosa. Akasema:

"Kaka, huyo askari wako ana cheo kunizidi, na siku ya mafuriko hayupo kazini. Nitamtoaje mdogo wako mimi?"

Anataka nimwambie mdogo wangu ukweli kwa sauti yangu, kwamba hakuna Afande, kabla mto haujajaa. Mama anasema nikimwua Afande nimemwua na mdogo wangu, kwa sababu dawa hazitamezwa tena, na eti wale wale waliomfunga mwanawe leo wamevaa ndala ndio tuwaamini? Mwenzangu mmoja hapa, mtega baruti, anasema mimi ni mjinga nasumbukia jambo dogo, nimpigie mdogo wangu kwa sauti ile ile nimwambie Afande amehamishwa, kuanzia leo amtii sajini, kwisha. Wote walimsifu kwa akili hiyo. Na mimi nilikaribia kufanya hivyo, simu nilishaishika.

Kilichonizuia ndicho kinachonimaliza. Mwezi uliopita, baada ya kumwamuru anywe uji, mdogo wangu hakukata simu. Akasema kwa heshima, kama mtu aliyesimama mbele ya meza ya kituo, kwamba ana shida yake anaomba kuripoti. Nikamwambia aseme. Akasema:

"Kaka yangu alikwenda kazini na hajarudi. Naomba mnitafutie."

Mshauri, mimi huwa nampigia pia kama kaka, kwa sauti hii yangu ya kawaida, lakini miaka imepita sasa akinisikia anamrudishia mama simu, anasema huyu simjui, mpe Afande. Nilikuwa nadhani ni ugonjwa. Siku ile nikaelewa kwamba ananitafuta, na anayemwomba anitafute ni mimi. Nikamjibu tunamtafuta. Akasema asante Afande. Nimeshatoa mawe mazito katika maisha yangu, lakini neno lile "tunamtafuta" sijui nilitoe vipi kifuani.

Niambie nifanye nini. Nikisema ukweli atakataa dawa na huenda akaniogopa kama anavyowaogopa wale wa kamba. Nikinyamaza, maji yatawakuta ndani yeye na mama. Wingu limeanza kuonekana hata huku.

Mimi, mpasua mawe

JIBU

Kaka mpasua mawe,

Pole sana. Pole kwako, kwa mama, na zaidi kwa huyo aliye ndani. Pole hiyo ipokee vizuri, kwa sababu yanayofuata hayatakuwa matamu.

Ulikuwa mbali, huna kitu mkononi ila sauti, ukaitumia. Siku ile ya kwanza nisingekulaumu, mgonjwa alikuwa na njaa na dawa ilikuwa mezani. Lakini baada ya hapo ulizoea. Ulichukua jeraha la mtu ukaligeuza kitasa cha mlango. Kila ulipomnguruma mdogo wako, ile kamba ilifungwa upya, na safari hii ilifungwa na mtu wa kwao. Wenzako wakacheka, ukacheka nao. Halafu unashangaa kwamba hakutambui? Kaka yake alikuwa anapiga simu kumsalimu, Afande alikuwa anapiga simu kumtawala. Mtu mwenye hofu humsikiliza anayetawala.

Sasa huyo mtega baruti. Akili yake ni ya kulipua, aiache huko huko machimboni. Ukimwambia mdogo wako kwamba Afande amehamishwa na sajini ndiye kashika nafasi, utakuwa umemvisha huyo mama wa watu uwongo wako. Yeye amevua sare na kuvaa ndala ili asiogopwe, wewe unataka kumpa hofu uliyoishona miaka yote aitumie. Na siku mdogo wako akigundua, hatamwamini askari, hatamwamini kaka, hatamwamini muuguzi. Atabaki na nani?

Mama yako hajakosea kuogopa. Kituo kile kilimfunga mtoto mgonjwa kama mwizi, na kuvaa ndala hakufuti jambo hilo. Kwa hiyo kabla ya lolote mwambie sajini wazi kwamba mama anahitaji kusikia mtu wa kituo akitamka kwa kinywa chake kwamba walikosea. Akikubali kuja kulisema hilo, mama atakuwa na pa kuanzia. Akikwepa, utajua mapema unashughulika na nani. Ila kusema "naishi peke yangu" mama aache. Mficha maradhi kilio humfichua, na mtoni kilio hicho hakisikiki.

Ukweli usiuseme kwa simu. Simu ndiyo nyumba ya Afande, humo atakushinda. Omba ruhusa kwa mnyapara wiki hii. Akikunyima, ondoka hivyo hivyo, mawe hayatakwenda popote. Kabla hujasafiri mpigie sajini, na umwombe muuguzi wa kliniki anayetoa zile dawa ajue mambo yote, pamoja na haya ya sauti, hata kama utaona aibu. Yeye ndiye atakayewaambia namna ya kumpa dawa bila amri, na mfanye nini akizikataa, maana huenda akazikataa kwa muda. Mimi ni mtu wa gazeti, hilo siliwezi, na wewe umeshaona kwamba huliwezi.

Ukiwa huko, usikimbilie habari ya mafuriko. Siku kavu, mchana, akikubali kutoka, tembea naye hadi shuleni mlimani, wewe na mama, polepole, hata mkirudia njiani mara ya kwanza. Kesho yake tena. Yule mshonaji mwiteni awe anatembea nanyi, asiyeogopa kupanda mlima na kuku ataweza kusubiri mtu anayesita mlangoni, na utakaporudi kazini awepo jirani ambaye mdogo wako amezoea hatua zake. Sajini aje siku moja kunywa maji tu, bila filimbi. Kwa nyumba yenu mwombe asitumie kipaza sauti kabisa, agonge. Na kabla ya matembezi hayo yote, amri ile ya kutovuka kizingiti iondolewe na wewe, mbele ya mdogo wako, kwa mdomo wako, kwamba ilikuwa ya kwako na ulikosea.

Usitegemee kukumbatiwa. Anaweza kukasirika, anaweza kukaa kimya siku nyingi, anaweza kusema wewe ni mwongo na Afande yupo. Usibishane naye, na hata akisihi, Afande asiitike tena. Mdogo wako alikwenda kuripoti kwa polisi kwamba kaka yake amepotea, akajibiwa kwamba anatafutwa. Jibu hilo ndilo la mwisho Afande kulitoa. Linalobaki ni la miguu yako.

Ukifika, simu iwe imezimwa mfukoni. Gonga mlango kama mgeni yeyote. Akiuliza ni nani, jibu kwa sauti yako mwenyewe. Asipofungua, kaa pale nje. Yeye amekungoja ndani muda mrefu zaidi.

Mshauri