Jina Lake Ni Nyumba Yetu

Mpendwa Doña Balbina,

Kabla sijakuomba ushauri katika ukurasa wako wa gazeti naomba nitoe shukrani kwanza, maana nikianza na tatizo nitalia na karatasi italowa. Mimi ni Eloína, nafuga ng'ombe wa maziwa huku juu milimani Tineo, naishi na mama yangu, Oliva Berdasco, ambaye ana miaka themanini na ushee, na tangu baba afariki mama alikuwa ameacha kula, nikimwekea supu anaikoroga mpaka inapoa, nikimsemesha anageukia ukutani, na daktari akaja akampima akasema mwili hauna ugonjwa wowote. Sasa anakula, anacheka, juzi amenigombeza kwamba maharage hayana chumvi, na mimi nikatoka nje nikamshukuru Mungu kwa kugombezwa. Aliyemrudisha ni mgeni, Muargentina, na kinachoninyima usingizi ni huyohuyo mgeni.

Anaitwa Fabricio Carbayo, fundi wa majokofu kutoka Rosario, na amekuja kutafuta asili ya jina lake la ukoo, kwa sababu babu yake aliondoka Hispania akiwa kijana, akafia Argentina, na hakuwatajia watoto wake jina la kijiji wala la ndugu zake, ila tu kwamba kwao ni milima ya Tineo. Maskini, alipitia Madrid kwanza, na katika duka moja la watalii wakamuuzia karatasi nene yenye ngao na simba, eti akina Carbayo ni mabwana wakubwa waliomlinda mfalme fulani. Alipoitandaza mezani katika baa ya hapa kwetu, watu wote wakaangua kicheko.

“Simba huku? Huku hata mbwa ni wavivu!”

Wakamwambia hakuna mtu hapa mwenye jina hilo la ukoo na hajawahi kuwapo, carbayo kwa lahaja ya huku ni mti wa mwaloni tu, na nyumba inayoitwa Carbayo haikosekani katika vijiji vyetu, “hata hapo juu ipo moja, nenda kausalimie mti wako!” Kwa hiyo alifika kwetu kwa mzaha, kwani nyumba yetu ndiyo hiyo Carbayo, imeitwa hivyo tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka, lakini kwenye vitambulisho sisi wa upande wa mama ni Berdasco. Mama aliposikia akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

“Kumbe hata mti una wajukuu Argentina! Kaa, mwanangu, ule.”

Wakati anakula mama akamsimulia kwamba naye alikuwa na kaka aliyekwenda huko, Ceferino, akapotea moja kwa moja, “lakini wangu alikuwa Berdasco, kwa hiyo wewe si wetu, usinimalizie jibini bure.” Na yule bwana akacheka, na kesho yake akarudi, na keshokutwa, akanitengenezea tangi la kupozea maziwa ambalo lilikuwa limenitoa jasho mwaka mzima, akaingia nasi shambani kukata majani, akawa anakunywa chai yake ya ajabu kwa mrija na mama naye anaionja na kukunja uso na kuomba tena.

Sasa sikia, Doña Balbina. Wiki iliyopita tulikuwa tunakusanya majani makavu, katoto ka kike ka jirani kakakatiza mbele ya trekta, Fabricio akapiga kelele, “We Kiroboto, toka hapo!” Nikamuuliza umelitoa wapi hilo jina, akaniambia ni la babu yake, aliwaita hivyo watoto wote wa kike aliowapenda, binti yake, wajukuu zake, kwa sababu ndivyo alivyomwita mdogo wake wa kike aliyemwacha nyumbani. Reki ilinidondoka. Kiroboto ni mama yangu. Hakuna duniani aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa Ceferino, yeye mwenyewe hunisimulia kila Siku ya Wafu tunapopeleka maua makaburini, husema, “Aliniahidi atanifuata, akaniita Kiroboto nisilie, akaondoka.”

Nikamdodosa Fabricio taratibu bila kumwambia kwa nini. Babu yake alikimbia jeshi, alipanda meli bila karatasi zake, kule bandarini wakamuuliza yeye ni nani wakaandika alichojibu, na hakutuma salamu nyumbani kwa sababu aliogopa askari wangewasumbua wazazi wake, kisha miaka ikapita akaona aibu.

Nikamwendea kaka yangu Argimiro nikamweleza yote, akanijia juu. “Dada, funga mdomo. Leo ni mjukuu, kesho ni wakili, keshokutwa tunagawana malisho.” Tena akaongeza jambo ambalo ndilo linalonichoma hasa, akasema mama ameshajizoesha kwamba kaka yake alikufa baharini au alikufa mapema, je, leo umwambie kwamba aliishi mpaka uzee, akaoa, akacheza na wajukuu, na hakumkumbuka kwa neno moja? Utamrudisha ukutani, Eloína, na safari hii hatageuka tena.

Fabricio anaondoka mwisho wa mwezi akiamini amekosea kijiji. Amenirudishia mama yangu, na mimi namwangalia anafungasha. Nikisema naogopa kumuua mama, nikinyamaza namdhulumu mtu niliye na deni naye maisha yangu yote. Nisaidie. Nijibu hapo gazetini bila wasiwasi, mama hasomi tena gazeti, macho yamechoka, na Argimiro husoma kurasa za mpira tu.

Eloína, Tineo

*

Eloína mpendwa,

Pole, na hongera. Pole kwa mzigo, hongera kwa sababu unashukuru kabla ya kulalamika, jambo ambalo katika barua ninazoletewa ni adimu. Sasa nivumilie nikukemee kidogo.

Una wiki nzima unamlisha mtoto wa binamu yako supu na kumuacha ajione mgeni. Wiki nzima! Na wewe mwenyewe ndiye uliyedondosha reki. Hukuwa na shaka hata dakika moja, ulichonacho ni woga, na woga huo nusu yake si wako, umeazima kwa kaka yako. Mrudishie.

Argimiro ana hofu na malisho? Aende kwa wakili mjini aulize, atajibiwa asubuhi moja na atalala. Lakini mwambie hivi kutoka kwangu: mtu aliyekuja kunyakua mali haanzi kwa kutengeneza tangi la maziwa bure. Huyo bwana amevuka bahari kutafuta watu, akapewa simba wa karatasi, akachekwa baa, na bado akaingia shambani kuwasaidia. Aibu imwendee anayestahili.

Sasa mama yako. Hapa sikukemei, hapa naelewa. Ni kweli kaka aliye hai asiyeleta salamu anauma kuliko kaka aliyezama. Usimpambie. Mwambie aliishi, mwambie aliogopa askari, mwambie kisha aliona aibu, kwa mpangilio huohuo. Atakasirika. Mwache akasirike, alie, ampige Ceferino maneno yote aliyomwekea tangu utotoni, ana haki nayo. Lakini mwambie pia kwamba jina alilompa yeye alikwenda kumpa binti yake, na wajukuu zake, mmoja mmoja. Argimiro anasema hakumkumbuka kwa neno moja. Alimkumbuka kwa neno moja hasa, na alilitamka mpaka kufa.

Na kuna kitu nadhani hamjakiona, kwa sababu mko karibu nacho mno. Mimi pia ni mtoto wa milima hiyo. Zamani hizo nani alimuuliza mtoto wa kwetu jina lake la ukoo? Padri siku ya ubatizo, basi. Kwingine kote, sokoni, kanisani, njiani, wazee wakikukuta walikuuliza, “Wewe ni wa nani?” na ukijibu jina la kitambulisho walikutazama kama umechanganyikiwa. Ulitaja nyumba. Kijana wa watu, amekimbia, ana njaa, anatetemeka, karani anamuuliza yeye ni nani, naye anajibu kama alivyofunzwa nyumbani. Fabricio amezunguka akitafuta ukoo wa Carbayo na haupo. Babu yake hakubadili jina ili asahau kwao. Alitaja mlango wenu, wakamwandikia huo, na wanawe wote wameubeba.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mchukue Fabricio pembeni umwambie wewe mwenyewe, ana haki ya kujua kabla ya meza nzima, na umwombe radhi kwa kuchelewa. Argimiro mwalike Jumapili, akikataa mle bila yeye. Mama akishashiba, mweleze yote, polepole, umemshika mkono. Ukiona amepumua, mwombe amuulize kijana swali la wazee wetu, “Wewe ni wa nani?”

Babu yake alilijibu mbele ya karani asiyejua Carbayo ni nini. Huyu atamjibu mtu aliyezaliwa katika nyumba hiyohiyo.

Balbina