Taa Aliyoichonga Cheche

Nyumbani,
Chumba cha mbele, karibu na dirisha,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Baridi ya huko imepungua, au bado mnatoka mmevaa nguo zote za kabatini? Na miguu je, baada ya kusimama wodini kutwa? Sisi huku tu wazima wa afya. Goti la Mama limetulia, na sauti yake ndiyo usiseme. Asubuhi hii amekwisha kutugombeza sote, pamoja na jirani ambaye hata hakuwepo. Mimi nipo na useremala wangu. Mgongo unalalamika, lakini mkono bado una nguvu.

Sasa nijibu swali lako, maana najua hizo salamu umezisoma harakaharaka. Ulitaka nikuambie ukweli: kama Chiriku bado halali, utaacha masomo ya uuguzi, ufunge mizigo, urudi. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Hali ilikuwa mbaya, sitakuficha. Tangu uondoke, binti yako alikataa katakata kulala gizani. Taa ya chumba ikizimwa, analia mpaka pumzi zinamkatika. Ikiwashwa, Mama ndiye halali, na unajua chumba chao ni kimoja, na Mama hata mwanga wa chini ya mlango unamkera. Kila jioni ikawa vita, huyu "Bibi usizime," yule "Zima, nitapofuka." Asubuhi wote wawili macho mekundu, na mtoto anasinzia darasani.

Aliyetunusuru ni mdogo wetu, Cheche. Jina hilo tulimpa enzi zile za kumnyang'anya viberiti, na leo amepata kazi inayolingana nalo. Ile mashine ya leza uliyoiacha ikiwa bado kwenye boksi, sasa imekaa juu ya meza humu chumba cha mbele kama mgeni wa heshima. Bomba la moshi limetolewa dirishani, na hakuna ruhusa ya kuweka hata kikombe karibu yake. Mwanzoni nilikuwa naibeza. Mtu nimeshika patasi tangu ujana, nikasema mashine inayochora yenyewe ni uvivu tu. Nimefyata ulimi, mdogo wangu.

Ungemwona akifanya kazi! Anasafisha mchoro kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Kisha anachukua kipande cha akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, anakilaza ndani ya mashine kwa mikono miwili kama anayelaza kitoto kichanga. Anapima umbali kwa kijiti chake, anashusha kifuniko, na habanduki hapo mpaka kazi iishe, kwa sababu hauamini moto hata kidogo. Mwale unakwenda na kurudi, na unapopita panabaki ukungu mweupe. Baadaye kipande kinasimamishwa kwenye mfereji wa kibao chenye vitaa vidogo ndani. Mwanga unaingia kwa chini, ukingoni, unapita ndani ya plastiki usiuone, mpaka ukutane na palipochongwa. Hapo ndipo unapojitokeza. Vibao ni kazi yangu. Ndiyo, fundi mzima nimekuwa msaidizi wa kitindamimba, na mfereji ukilegea ananirudishia bila haya.

Basi akaamua kumtengenezea Chiriku taa ya kulalia yenye sura yako, taa ya mwanga mdogo usiomsumbua Mama. Akachukua picha yako ya siku ya safari, akachonga. Tukafunga mapazia mchana, tukakaa tayari, akawasha. Loo! Nywele nyeupe pe, meno meusi, mboni za macho zinawaka. Mimi na umri wangu nilirudi nyuma nikaangusha stuli. Chiriku akapiga ukelele, "Huyo si mama!" akajificha nyuma ya bibi yake.

Kosa lilitokana na mbao. Cheche amezoea kuchonga vibao vya milangoni, na kwenye ubao mwale unapounguza panakuwa peusi. Kwa hiyo alichonga nywele, nyusi na mboni, sehemu zote za giza, akasahau kwamba kwenye akriliki palipochongwa ndipo panapowaka. Alituundia zimwi. Mwingine angenuna au angeilaumu mashine. Yeye alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akaigeuza picha, cheusi kikawa cheupe, akaanza upya.

Ya pili ilitia fora. Ulikuwa wewe hasa, pamoja na vishimo vya mashavuni. Mama alijifuta machozi kwa upindo wa nguo, na mimi nikajifanya natafuta misumari. Tukajua kazi imekwisha.

Wapi! Jioni ile Chiriku aliitazama, akaigeuzia ukutani, akataka taa kubwa iwashwe. Cheche akachuchumaa mbele yake.

"Hujaipenda?"

"Naipenda, Mama Mdogo. Lakini hafumbi macho."

"Nani?"

"Mama. Ananitazama tu. Sasa nitalalaje?"

Hapo ndipo nilipomvulia kofia Cheche. Mimi ningeanza kumhubiria mtoto kwamba picha ni picha tu. Yeye alimuuliza swali moja: mama alipokuwa hapa, mlikuwa mnalalaje? Chiriku akasema ulikuwa unamgeuzia mgongo, kwa sababu yeye anapiga mateke, naye alikuwa anashika nguo yako begani mpaka usingizi umchukue. Haya mimi kaka yako sikuyajua.

Lakini picha ya mgongo wako nani anayo? Cheche akamlaza Mama kitandani mchana kweupe, akashika penseli. Ungekuwepo ungevunjika mbavu. Mama analalamika kwamba tangu azaliwe hajachorwa kwa nyuma, na Chiriku amesimama pembeni kama mkaguzi: bega liwe juu zaidi, fundo la kitambaa liwe upande huu, na mama yangu si mnene hivyo, Bibi. Mama alinuna mpaka chakula cha jioni. Cheche alichora na kufuta, akachora na kufuta, mwisho akabakiza mistari michache tu: kitambaa cha kichwa, shingo, bega, mikunjo ya nguo. Nikamuuliza mbona kipande chote amekiacha kitupu.

"Kaka, kila ninachochonga kinawaka. Nikijaza, hawatalala."

Nimetengeneza vitanda maisha yangu yote, sijawahi kuuwazia usingizi wa mtu namna hiyo. Ninajivunia mdogo wetu huyu kuliko ninavyoweza kuandika, na ninakuambia wewe kwa sababu nikimwambia yeye atavimba kichwa.

Siku ya kwanza Chiriku aliiangalia taa, akasogea karibu yake, akashika ncha ya shuka, akapitiwa na usingizi. Mama naye akalala usingizi wa pono, maana mwanga wenyewe haufiki hata kwenye mto wake. Nikasema tusishangilie mapema, huenda mtoto kachoka. Ikaja siku ya pili, na nyingine, na nyingine. Sasa mwalimu wake analalamika kwamba hanyamazi darasani.

Kwa hiyo usifunge mizigo. Najua utalia ukisoma haya, na huenda nusu ya machozi ni uchungu wa kusikia kwamba analala bila wewe. Uchungu huo siwezi kukuondolea. Ila ngoja nikueleze la jana, kisha uamue mwenyewe.

Jana jioni mimi na Mama tulikuwa tunabishana hapa sebuleni, unatujua, sauti juu. Mlango wa chumba ukafunguka. Chiriku akatoka na gauni lake la kulalia, kidole juu ya midomo, amekasirika kwelikweli.

"Mjomba, Bibi, nyamazeni. Mama amelala. Kesho ana masomo."

Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu. Nasi ubishi tukaumalizia kwa kunong'ona.

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri. Cheche anakusalimu, mikono imejaa vumbi la akriliki. Nisalimie wenzako wa wodini. Mungu akutie nguvu miguuni na utulivu kwenye mitihani, na siku ya kurudi akufikishe kwetu ukiwa muuguzi kamili.

Wako akupendaye popote ulipo,
Kaka yako, seremala